Farasi Wanne

Baba hakuwahi kuyumba: ukiwasha kiyoyozi,
gari linapungukiwa pumzi.
Mama naye hakuwahi kuyumba:
kinachopungukiwa pumzi ni pochi yako, Baba Somoe.
Miaka kumi na minane kesi hiyo ililala mezani kwetu
pamoja na chumvi na pilipili.

Juzi nimerudi likizo kutoka chuo cha ufundi, Mtwara mjini,
kucha nyeusi kwa grisi,
wakanikabidhi jalada.
"Haya, fundi," mama akasema, "amua.
Na usimpendelee."

Nikafungua boneti. Korola ya baba,
injini elfu moja na mia tatu, kuukuu lakini imeoga.
Nikawaonyesha mkanda: huu hapa
ndio unaoizungusha hii, kompresa. Mnaona?
Baridi haidondoki mbinguni,
injini ndiyo inayoikamua
kama mtu akamuavyo tui, na mkono unachoka.
Nikakadiria: inakula farasi watatu, labda wanne.
Kwenye tambarare, mnatoka Mtama mnapiga soga,
hamtajua kama wamepungua.
Mlimani mtawatafuta.

"Farasi!" mama akacheka.
"Kitangari nzima hii sijaona hata punda."

Kesi ya mlima huamuliwa mlimani.
Tukapakia magunia mawili ya korosho,
mama akakaa nyuma, kandambili kavua,
mimi mbele na saa.

Mara ya kwanza kimezimwa, vioo chini.
Vumbi jekundu likaingia bila hodi
likatukalia nyusini.
Gia ya tatu hadi kona ya mchanga, kisha ya pili,
na ya pili hiyohiyo mpaka juu, Newala.
Dakika sita na sekunde kumi.

Tukashuka. Tukageuza.

Mara ya pili kimewashwa.
Mama akafumba macho, akalegeza ushungi.
Kona ya mchanga hatujaifikia, gia ya tatu imeshakataa,
na palipochongoka zaidi baba akaitafuta ya kwanza
huku mshale wa joto unanyanyuka
kama nyusi ya mkwe.
Dakika sita na hamsini.

Baba akaupiga usukani kofi.
Sijawahi kumwona kijana vile.
"Sekunde arobaini! Mama Somoe, umesikia?
Arobaini nzima!"

Mama hakufumbua macho.

"Mlima huu," akasema,
"nimeupanda na ndoo kichwani, nina miaka tisa,
siku zile bomba la kwetu huko juu likikohoa hewa tupu.
Nikaupanda na ndoo kichwani, mdogo wangu mgongoni.
Nikaupanda na ndoo kichwani, huyu fundi wako tumboni,
na ile kona ya mchanga naijua kwa nyayo.
Gia ya kwanza sikuwa nayo.
Hakuna aliyekaa na saa.
Sasa hao farasi wanne, mume wangu,
wananidai nini?"

Nikaitazama saa. Nayo haikuwa na la kuongeza.
Baba akakohoa, akafuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu,
akasema injini ipumzike kidogo.
Ikapumzika. Mama akala korosho tatu.

Kwenye daftari langu la chuo nimeandika:
kiyoyozi hupunguza nguvu ya injini,
zaidi kwa injini ndogo, yenye mzigo, penye mwinuko.
Ni kweli, na mwalimu ataweka vema.
Sikuandika mengine, hakuna safu yake kwenye jedwali.

Jumamosi tulipanda tena, siku ya gulio.
Baba alitia gia ya kwanza mapema, bila kununa,
kiyoyozi kikinguruma,
nyuma mama amelala mdomo wazi.
Lori la korosho likatupigia honi, mara mbili, kwa hasira.
Baba akatoa mkono dirishani,
akaupandisha upesi kioo baridi isitoroke,
na lile lori likapita.